Mwali wa bunduki haunaswi kwenye kamera, kosa langu au la risasi?

Kijana_wa_Dunda:
Wakuu, juzi tulikuwa ufukweni Bagamoyo tunapiga filamu fupi. Kibali tunacho, askari na bunduki yake yupo. Kafyatua risasi baridi sita, kunguru wote wakaruka mikokoni. Nafungua kompyuta usiku: mwali unaonekana mara mbili tu, na mmoja umekatika katikati ya picha kama kanga iliyochanwa. Halafu bunduki ilikuwa haijikoki, kila risasi askari anavuta kwa mkono. Shida nini?

Mzee_wa_Baruti:
Risasi hazina kosa, mkuu. Jina la "baridi" ndilo linalodanganya watu. Ganda lina fataki kitakoni na baruti ndani. Kichwa tu ndicho hakuna, mdomo umekunjwa. Baruti ikiwaka, gesi inatoka mtutuni haijamaliza kuungua, ikikutana na hewa ya nje inawaka upya. Huo ndio mwali. Za filamu hujazwa kamili, nusu au robo, kulingana na mwali anaoutaka mwongozaji.

Ulipiga fremu 24 kwa sekunde, sivyo? Kwa shata (pazia la kamera) ya nyuzi 180 kamera inafumbua jicho sehemu 1 ya 48 ya sekunde, kisha inafumba muda uleule. Mwali ukitoka imefumba, imekula kwako. Na huo uliokatika: kamera nyingi za siku hizi zinasoma picha mstari kwa mstari, mwali ukazimika haijafika chini. Rudia mara nyingi, na upige magharibi jua likizama.

Kujikoka: bila kichwa, gesi inatoroka bure, haina nguvu ya kusukuma mtambo. Ndiyo maana mtutuni huwekwa kizibo chenye tundu dogo, kuibana gesi.

Mwambao_Edit:
Mbona mnajitesa? Mwali unabandikwa kwenye kompyuta.

Mzee_wa_Baruti:
Unabandikwa, sawa. Mwanga wake usoni kwa mwigizaji je, na kule kushtuka? Ila kwa mwenye haraka, bandika. Ni salama zaidi. Mwaka 1984 Marekani, mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea panjani bastola yenye risasi hizihizi, kwa mzaha. Ilimuua. Mie mwenyewe gobore la harusini, lisilo na hata gololi moja, liliniunguza shati likiwa hatua mbili.

Kijana_wa_Dunda:
Hatua mbili ndipo nilipomsimamisha mwigizaji wangu. Mbele ya mtutu.

Mzee_wa_Baruti:
Lo! Mrudishe nyuma, na mtutu uelekezwe pembeni yake. Weka kamera ubavuni, pembe ndiyo itakayodanganya. Na huyo askari hakusema kitu?