Tupeane uzoefu: majina ya vitafunwa yaliyotuchanganya Uingereza na Marekani

Ndugu zangu, naomba mliokaa Uingereza au Marekani tusimuliane yaliyotukuta pale jina tulilolizoea lilipotuletea mezani kitu kingine kabisa. Naanza mimi.

Nilikulia Tanga, ambako biskuti ni kavu, tamu, ya kuchovya kwenye chai, na jina hilo tumelipata kwa Waingereza. Asubuhi yangu ya kwanza Tennessee, mama mwenye nyumba aliniuliza kama ningependa "biscuits", nikaitikia upesi, naye akaniwekea vimkate vinene vya moto vilivyomwagiwa mchuzi mweupe mzito wa maziwa na soseji, wenye pilipili manga nyingi. Nilipokishika kimoja kikaachana chenyewe matabaka matabaka. Kesho yake nilimwomba anifundishe: unga, baking poda, siagi baridi inayofikichwa kwa ncha za vidole, kisha mtindi, hamira haimo, na donge halikandwi sana. Biskuti yetu ya chai wao huiita "cookie", jina lililotokana na neno "koekje" la walowezi wa Kiholanzi, yaani keki ndogo. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba asili ya neno biskuti ni "iliyookwa mara mbili", ilhali kile kimkate cha Tennessee huokwa mara moja tu, tena kwa dakika chache.

Mchangiaji, Leeds: Ahsante mleta mada. Mimi niliona "scone" kwenye orodha ya mgahawa nikafurahi, nikijua ni skonzi za Dar es Salaam, zile za hamira, laini, zinazovutika ukizimega. Nikaletewa kitu kinachomomonyoka, pembeni jamu ya stroberi na malai mazito. Kwa maelezo yako naona kuwa kinakaribiana zaidi na kile kimkate chako cha Tennessee, kwa sababu nacho hufikichwa kwa siagi na kuumuliwa kwa baking poda, ila Waingereza huongeza sukari kidogo na mara nyingi zabibu kavu. Skonzi yetu imerithi jina tu. Mapishi yake ni ya mkate.

Mchangiaji, Manchester: Nilihamia huku nikitokea Minnesota, na muda si mrefu shule ya watoto ikawaomba wazazi walete "flapjacks" za kuuza kwenye mchango. Kwa Mmarekani hizo ni pankeki, basi nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikapika arobaini, nikazibeba kwenye hotpoti zikiwa za moto. Meza nzima ilikuwa imejaa vipande vya mraba vya oti vilivyookwa kwa siagi, sukari na shira. Mwalimu alizipokea kwa heshima na zote zikaliwa, lakini mwanangu mkubwa hakunisemesha njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mleta mada: Pole sana, dada yangu. Niongeze jambo kwa wanaooka kwa kufuata mapishi ya nchi hizo mbili: "bicarbonate of soda" ya Waingereza ndiyo "baking soda" ya Wamarekani, nayo ni magadi soda yetu, msiiweke mahali pa baking poda kwa kipimo kilekile, maana keki itakuwa na ladha ya sabuni. Bado hatujagusa "muffin", ambayo kwa Waingereza wa zamani ni mkate bapa wa hamira unaopikwa juu ya chuma cha moto, na kwa Wamarekani ni keki ndogo ya kikombe. Aliyeagiza moja akapata nyingine, karibu atusimulie.