Nimeombwa kuwa mgeni rasmi wa harambee ya kanisa: nitoeje bila kujikweza?

Mleta uzi: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kamati ya ujenzi ya usharika wa kijijini kwetu imeniomba niwe mgeni rasmi katika harambee ya kuezeka kanisa, na kama mnavyojua, mgeni rasmi hutangaza mchango wake kwa kipaza sauti, kisha wengine hupima cha kutoa kwa kiwango alichokiweka yeye. Fedha ninayo na nia ninayo. Kinachonisumbua ni Mathayo 6, ambapo Bwana anatuonya tusipige panda mbele yetu tutoapo sadaka. Nikikubali, nitakuwa nimeipiga mwenyewe. Nikikataa, huenda mabati yakapungua, na wapo watakaosema nimeringa. Naomba ushauri, hasa wa wazee wa kanisa.

Mwanajumuiya: Kataa, mpendwa. Peleka fedha kimya kimya na kiti cha mbele wamtafutie mwingine.

Mzee wa Kanisa: Kijana wangu, usikimbilie kukataa. Katika 1 Mambo ya Nyakati 29, Daudi alitaja mbele ya mkutano wote kile alichotoa kwa ajili ya hekalu, talanta 3,000 za dhahabu na 7,000 za fedha, na wakuu wakafuata kwa hiari. Lakini soma mpaka mstari wa 14, anapouliza yeye ni nani hata aweze kutoa, ilhali vyote vimetoka kwa Mungu. Isitoshe, huko kujificha nako kuna kiburi chake: nimewaona watu wanaotoa kwa siri na kuhakikisha siri hiyo inavuja kabla ya Jumapili.

Mtunza Hazina: Naongezea jambo ambalo sisi tunaoshika daftari la ahadi tunalijua vizuri. Mgeni rasmi husimama akasema, "Mimi na rafiki zangu tunachangia kiasi fulani," watu wakapiga vigelegele, na baadaye ikabainika kwamba rafiki hao hawakuwahi kuulizwa, ahadi ikabaki kwenye daftari mwaka mzima. Anania na Safira, wale mume na mke wa Matendo ya Mitume 5 waliouza mali yao, hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha, kwa maana Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba mali ilikuwa yake. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kuifanya ionekane kuwa yote. Kwa hiyo lipa kabla ya siku yenyewe, chukua stakabadhi, na utaje kile tu ulichokwisha kukilipa.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nitakwenda, na fedha nitaikabidhi mapema. Limebaki moja: akina mama wanaoleta jogoo au trei ya mayai huitwa mwishoni kabisa, watu wakiwa wameanza kuondoka, na naona mchango wangu utazidi kuwafunika.

Mzee wa Kanisa: Hilo zungumza na mwenyekiti wa kamati wiki hii, maana siku yenyewe mshereheshaji hasikii la mtu. Mwombe mnada wa mazao ufanyike kwanza, wewe ukiwa umeketi na kununua kama wengine, na zamu yako ije baada yao. Akikuambia kwamba protokali hairuhusu, mkumbushe kwamba Bwana aliwaita wanafunzi wake kuwaonyesha mjane wa senti mbili, wakati matajiri walikuwa palepale wakitia vingi.

Mtunza Hazina: Na huyo jogoo usimnunue kwa bei ya kushangaza watu.