Re: Fomu ya mafao ya marehemu mjomba, nikah ya sebuleni inahesabika?

Kutoka: Mpwa wa Makorora

Asalam aleikum wana Tanga wa huku Uingereza, na wasio Waislamu habari zenu. Kwanza asanteni kwa msiba, mliokuja msikitini, mliopika, mliotuma mchango, Mungu awalipe kheri. Sasa nina swali na naomba ajibu anayejua kweli, sio anayekisia.

Mkaza mjomba keshaanza kuhangaishwa. Tulivyomaliza Tell Us Once (ile huduma ya kuwaarifu kifo ofisi za serikali kwa mara moja) tukajua mambo yameisha, akajaza fomu ya BSP (Bereavement Support Payment, mafao ya aliyefiwa na mwenzi wake), juzi kapigiwa simu na dada wa ofisi moja (jina silitaji) anamuuliza ndoa mlifungia wapi, akamjibu nyumbani kwetu, sebuleni, sheikh alikuja, mashahidi walikuwepo na karatasi ya sheikh ninayo. Yule dada akamwambia basi hukuwa mke, mlikuwa mnaishi pamoja tu. Jamani mnavyomjua mkaza mjomba, analia toka hapo, na si kwa ajili ya hela, ananiuliza mimi mtoto wa dada wa mumewe, "yani miaka yote hiyo nilikuwa hawara?" Nimjibu nini?

Swali langu ni hili. Kwenye fomu mpya waliyotuma kuna kisanduku cha walioana na kisanduku cha walioishi pamoja. Fomu zote za nyuma, daktari, shule, kodi ya nyumba, aliandika ameolewa. Akitia tiki cha pili sasa hivi hawatasema aliwadanganya kule kwingine? Na wanataka aende mwenyewe ofisini na paspoti, na yuko eda.

Kutoka: Mghosi wa Reading

Inna lillahi. Bado siamini. Mimi nilivyoshuka Heathrow mara ya kwanza na shati la mikono mifupi, mwezi wa kwanza, aliyenipokea ni yeye, na koti kaja nalo mkononi, hanijui simjui, kaambiwa tu kuna kijana wa Usagara anakuja. Alafu kila barua ya serikali niliyopata nikampelekea. Alikuwa anasema "jibu ulichoulizwa, hadithi tuachie sisi." Visa yangu ya kwanza ile, fomu yote kaijaza yeye kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi.

Kuhusu msiba, angalieni na MCCD, ile karatasi ya daktari ya sababu ya kifo. Kwa baba mkwe wangu tulikwama kwa sababu tangu Septemba 2024 kila kifo kisichoenda kwa coroner lazima kipitiwe na medical examiner (daktari mkaguzi) kwanza ndo msajili akuandikishe, sisi tumeshachimba kaburi maiti bado iko hospitali. Kisheria una siku 5 za kuandikisha toka msajili apelekewe karatasi hiyo, sasa isipofika utaandikisha nini? Na mchukue nakala nyingi za cheti, kila benki inataka yake halisi.

Kutoka: Bint Raskazone

Kaka hapo juu, ameshazikwa. Hajauliza kuzika.

Mpwa, pole mdogo wangu. Ukweli ni kwamba nikah ya sebuleni hapa Uingereza sheria haiitambui kama ndoa, mahakama ya rufaa ilishalisema hilo 2020 na watu wakapiga kelele weee lakini ndo hivyo. Mimi nawaambia wadogo zangu kila siku, sheikh sawa, biriani sawa, lakini nendeni na kwa msajili. Hawanisikii, wanasema Bint anajifanya mzungu. Yangu ilifungwa Tanga, Chumbageni kwa baba, cheti cha serikali kipo, huku wakakikubali bila maneno kwa sababu ndoa iliyo halali kule ilikofungwa wanaihesabu. Kama mjomba angempeleka tu nyumbani wakafunga kule, leo tusingekuwa tunaongea haya.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Hapana hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 na watu wanawajua kama mke na mume basi wanahesabika wameoana. Huyu mama ni mke halali. Mwambieni huyo dada wa ofisi asome sheria.

Kutoka: Bint Raskazone

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ni sheria ya Tanzania, na ni dhana tu, inaweza kukanushwa mahakamani. Dada wa ofisi yuko Uingereza.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Marahaba. Mimi sheria hiyo naijua kabla wewe hujazaliwa.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Poleni. Nisomeni vizuri kwa sababu mnamchanganya mtoto wa watu. BSP zamani ilikuwa ya walioana tu, lakini toka tarehe 9 Februari 2023 wanalipa hata walioishi bila ndoa ya serikali ILA lazima wawe na mtoto ambaye Child Benefit (posho ya mtoto ya serikali) inalipwa. Yule wa mwisho bado yuko shule si ndiyo? Na Child Benefit inaingia kwa mama? Basi anastahili. Ni pauni 3,500 mara moja alafu 350 kila mwezi mpaka miezi 18. Marehemu awe amelipa NI (National Insurance, michango ya bima ya taifa) wiki 25 ndani ya mwaka mmoja wa kodi, na mjomba alivyoendesha basi la jiji maisha yake yote hiyo si shida. Na mama awe hajafika umri wa pensheni.

Ila muda! Ndani ya miezi 3 toka kufa ndo unapata zote. Ukichelewa wanakata ya kila mwezi.

Kutoka: Mghosi wa Reading

Dada hizo hela ni za wenye ndoa tu. Rafiki yangu wa Luton mwenzie alifariki wakamnyima katakata na watoto watatu.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Alinyimwa mwaka gani?

Kutoka: Mghosi wa Reading

Kabla ya korona.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Haya.

Kutoka: Mpwa wa Makorora

Asante Mama Wawili, hilo la 2023 sikulijua, na mtoto yuko shule ndio, Child Benefit inaingia kwake. Lakini kisanduku sasa? Akitia cha walioishi pamoja ndo kakubali mwenyewe kwa mkono wake kwamba hakuwa mke, na mirathi je? Manake wosia hakuna. Mtu aliyejaza fomu za Tanga nzima hakuandika karatasi moja ya kwake.

Na la eda vilevile. Miezi 3 yao inaisha kabla ya miezi 4 na siku 10 zetu.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa dharura na kurudi kulala kwake. Muulizeni sheikh, msiulize mtandao.

Kutoka: Bint Raskazone

Hapo mzee namuunga mkono.

Mirathi ndo kubwa kuliko BSP mdogo wangu. Hapa England mtu akifa bila wosia, mliyeishi naye bila ndoa ya serikali hapati kitu moja kwa moja, hata kama mmezaa. Wanapata watoto. Mama itabidi adai kwa ile sheria ya mirathi, Inheritance Act ya 1975, kama walikaa pamoja miaka 2 mpaka siku ya kifo ana haki ya kudai, na mwisho ni miezi 6 toka msimamizi apewe karatasi ya kusimamia mirathi. Tafuteni wakili, mimi si wakili, mimi ni nesi. Na kama walikuwa na akaunti ya pamoja, ile inabaki kwake.

Samahani naandika haya na macho yamejaa. Nilivyojifungua mwanangu wa kwanza sina mama sina shangazi, mkaza mjomba ndiye aliyekuja kunikanda na kuniogesha mtoto, na mjomba amekaa jikoni ananipikia uji wa pilipili manga kwa sababu mkewe kamwagiza, huku anaimba vibaya.

Kutoka: Kaka wa Ngamiani (nimerudi nyumbani)

Nawasalimu toka Tanga. Hitma huku tumesoma Ijumaa baada ya alasiri, watu walijaa mpaka barabarani, wale wazee wa baiskeli wote walikuja, hata asiyemjua marehemu alikuja kwa sababu alisikia ndiye aliyemlipia fulani kitanda pale hospitali ya Bombo. Mnavyosema Uingereza mjomba alikuwa mtu wa watu, huku alikuwa haonekani na bado ni mtu wa watu.

Sasa kuna nyumba yake ya huku. Wapangaji wananiuliza kodi wampe nani. Nimeenda Mahakama ya Mwanzo wakanipa utaratibu: ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe na kila mtu asaini, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo, ndo ujaze Fomu Na. 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi, tangazo libandikwe, asipotokea wa kupinga unapata Fomu Na. 4 ya kuteuliwa msimamizi. Alafu ndani ya miezi 4 uorodheshe mali kwenye Na. 5, ukishagawa unarudisha hesabu kwenye Na. 6. Watu wengi wakipata Na. 4 wanalala mbele, hawarudi tena, ndo kesi zinapoanzia.

Shida yangu ni cheti. Karani kakiangalia cheti cha Uingereza kakigeuza huku na huku, akasema hiki sikijui. Pia kaniuliza marehemu alikuwa raia wa wapi. Nikanyamaza.

Na Mpwa usinielewe vibaya, hapa mtaani wameniuliza kama mjomba alikuwa na mke mwingine huku, yule wa ujanani. Talaka yake iko wapi?

Kutoka: Mpwa wa Makorora

Kaka, hakuwa na mke mwingine. Yule mama walishaachana mimi sijaanza shule na ameolewa Pangani ana wajukuu, na juzi kanipigia kunipa pole mwenyewe. Hayo ya mtaani yaacheni mtaani.

Kutoka: Kaka wa Ngamiani (nimerudi nyumbani)

Mimi nimeulizwa, nauliza. Mahakama nayo itauliza.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Mnaona sasa? Hapa ndipo nilipokuwa nasema miaka yote kuhusu uraia pacha mnaniona mzee mkorofi. Mjomba alichukua paspoti nyekundu ili aweze kumleta mama yake kutibiwa bila kusumbuliwa, siku hiyohiyo Tanzania ikamfuta. Mtu kazaliwa Tanga, kitovu chake kimezikwa Tanga, kajenga Tanga kwa hela ya kuendesha basi usiku kwenye barafu, akifa anaambiwa mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Wakenya waliruhusu kwenye katiba yao ya 2010 na nchi yao haijazama baharini. Sisi badala ya uraia pacha tunapewa "hadhi maalum". Hadhi maalum ndo nini?

Kutoka: Mghosi wa Reading

Mzee tulia. Hadhi maalum ni hatua, angalau sasa mnaongelewa. Hela yenyewe mnayotuma serikali inaipenda.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Hela wanaipenda. Mwenye hela je?

Kutoka: Bint Raskazone

Nyie mkianza siasa mtakesha. Mimi nataka kusema tu kwamba leo nimekula chungwa la dukani, limeng'aa, halina mbegu wala ladha, nikakumbuka mjomba alivyokuwa anasema chungwa lisilotoka Muheza ni picha ya chungwa. Mungu nipe siku moja nikae pale Raskazone jioni na muhogo wa kuchoma na pilipili, nikiangalia kisiwa cha Toten na meli zinazosubiri.

Kutoka: Mghosi wa Reading

Na Coastal Union, timu yetu ya mpira! Alikuwa anatuhadithia ubingwa wa 1988 kama yeye ndiye alikuwa kocha. Kila mechi kapiga simu nyumbani mtu amuwekee redio karibu na spika, dakika 90 za simu ya kimataifa. Shemeji alikuwa anawaka hasira.

Kutoka: Mpwa wa Makorora

Huyu hapa mkaza mjomba mwenyewe, kaniambia niandike anavyosema nisipunguze.

"Nawasalimu wanangu. Nimesomewa yote mliyoandika, na hata ya talaka nimesomewa. Sina kinyongo. Mimi na marehemu tulifunga ndoa sebuleni kwa sababu hatukuwa na hela ya ukumbi, na yeye alikuwa zamu ya usiku, kaja na sare ya kazi, sheikh akamwambia vaa kanzu, kanzu ikawa ya jirani, fupi. Akasema tutaenda kwa msajili tukipata nafasi. Kila mwaka tukipata nafasi, kuna mgeni kafika, kuna mtu kafiwa, kuna mtoto wa mtu kashikwa na uhamiaji, anatoka na faili lake. Mimi nilikuwa namkasirikia. Namwambia nyumbani kwako hakuna fomu? Ananiambia wewe huna shida, wewe uko na mimi.

Huyo binti wa simu simlaumu, kaandikiwa cha kuuliza. Lakini sitatia tiki pa kuishi pamoja mpaka nielezwe na mtu mwenye elimu. Nikiwanyima hela watoto wangu kwa ubishi nitaulizwa, na nikimkana mume wangu pia nitaulizwa. Muda ninaujua. Jumatatu Mama Wawili kasema atanipeleka kwa wakili, nitatoka mchana na kurudi.

Na Kaka, wapangaji wasilipe mtu yeyote kwanza. Waweke."

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Jumatatu saa nne nakuja mlangoni dada. Karatasi ya sheikh, barua ya Child Benefit, bili zenye majina yenu wote wawili, paspoti. Mpwa uje kutafsiri.

Kutoka: Mghosi wa Reading

Lakini mimi bado nasema ni za wenye ndoa tu.

Kutoka: Katibu

Ndugu wanachama, hitma ya hapa ni Jumapili baada ya adhuhuri, ukumbi uleule. Kina mama wa Leicester pilau, Reading maji na soda, vijana wapange viti. Egesheni magari nyuma, mbele wanatoa faini. Mchango wa kumpa mjane bado haujafunga, walioahidi tafadhali. Na aliyechukua sufuria kubwa ya umoja wakati wa Idi airudishe kabla ya Jumamosi, haulizwi maswali.

Kutoka: Mghosi wa Reading

Sufuria iko kwa Mzee wa Mkonge.

Kutoka: Mzee wa Mkonge

Nilishairudisha.