Mjadala: Jina la mgonjwa wa saratani ya damu lipelekwe kwenye rejista bila kumuuliza?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Rejista ya saratani ya kanda huandika kila mgonjwa mpya anayeishi katika eneo ambalo idadi ya watu wake inajulikana, haijalishi katibiwa wapi. Swali: sheria ilazimishe hospitali na maabara kupeleka huko jina, tarehe ya kuzaliwa na makazi ya kila mwenye lukemia, limfoma au mailoma, bila kuomba ridhaa yake? Mimi nasema ndiyo, na kwa saratani za damu nasema ndiyo mara mbili.

Uvimbe wa titi hukatwa, kipande kikaenda maabara, ripoti ikatoka. Mgonjwa wa lukemia hana cha kukatwa. Leo katolewa damu kituo cha afya, wiki ijayo kachukuliwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) hospitali ya rufaa, sampuli imepelekwa kwingine kusomwa vinasaba, dawa anafuata kliniki ya nne. Taarifa nne, mtu mmoja. Bila jina na tarehe ya kuzaliwa, rejista itaandika wagonjwa wanne, au itabahatisha. Mwakani ikifunguliwa maabara mpya, tunatangaziwa lukemia imepanda.

Na hiyo ridhaa ataiomba nani? Lukemia kali ya mailoidi inaweza kuua ndani ya wiki chache. Aina yake ya promailositi inaweza kumuua mtu kwa kuvuja damu siku chache tu baada ya kufikishwa hospitali. Watakaosaini fomu ni waliopata nafuu. Rejista ya waliosaini itaonyesha watu wanapona kuliko hali halisi, na bajeti itapangwa kwa kuwatazama wao.

Mpinga hoja

Napinga. Mleta mada anaongea kana kwamba jina ni namba ya kiti cha basi. Mwajiri akijua una lukemia, kazi iko mashakani. Kampuni ya bima ikijua, ndiyo basi tena. Na hata ukilifuta jina, kwenye kijiji kidogo halifutiki. Mwaka 1983 kipindi cha televisheni nchini Uingereza kilitangaza kwamba lukemia imezidi kwa watoto wa Seascale, kijiji kilicho jirani na mitambo ya nyuklia ya Sellafield. Watoto wenyewe walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mnadhani kuna jirani aliyehitaji kutajiwa majina?

Halafu hayo majina si lazima kama mnavyotuaminisha. Daktari Denis Burkitt aliuliza hospitali za Afrika kama zimewaona watoto wenye uvimbe wa taya, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi. Uvimbe huo ni aina ya limfoma, na alipata ramani yake inayofuata joto na mvua, bila rejista ya majina ya bara zima. Denmark nayo ina rejista ya taifa tangu 1943, lakini kuripoti kukawa lazima 1987. Zaidi ya miaka 40 ya hiari, na takwimu zao ziliheshimika.

Mtu wa maabara

Mleta mada yuko sahihi kuhusu watu kuhesabiwa mara mbili. Anapokosea ni kudhani sheria ya majina itatupa mwenendo wa kweli. Toleo la tatu la uainishaji wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, la mwaka 2000, liliingiza polisaithemia vera (chembe nyekundu za damu kuzidi mno) na mailodisplasia (uloto kushindwa kutengeneza damu ipasavyo) kwenye orodha ya saratani. Rejista zilipoanza kulitumia, magonjwa ambayo jana hayakuhesabiwa leo yakahesabiwa. Grafu ikaruka, na hakuna hata mtu mmoja wa ziada aliyeugua.

Hata baada ya hapo, Marekani walipolinganisha rejista na madai ya bima ya wazee, walikuta wagonjwa wengi wa mailodisplasia hawakuwa wameandikwa. Ni wazee wenye upungufu wa damu, wanatibiwa bila kulazwa, na baadhi hawatolewi uloto kabisa. Sheria haiwezi kuandikisha ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Mtoto mwenye lukemia anakuja na homa na damu pungufu. Penye malaria nyingi anatibiwa malaria mpaka anafariki. Ndiyo maana maeneo yenye vipimo duni huonekana kama hayana lukemia ya watoto. Vipimo vikija idadi inapanda, na lawama zinaenda kwa mnara wa simu.

Tazameni pia ni idadi ipi mnasoma. Dawa ya imatinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na tangu hapo wenye lukemia sugu ya mailoidi huishi miaka mingi. Wanaoishi na ugonjwa wanazidi kuongezeka hata kama wagonjwa wapya ni walewale.

Msomaji

Mkuu wa maabara, umetuzungusha. Inaongezeka au haiongezeki? Neno moja tu.

Mtu wa maabara

Ipi, wapi, kwa watu wa umri gani? Jamii ikizeeka, mailoma itapanda kwa idadi hata kama hakuna kilichobadilika. Ukisawazisha umri, yaani ukilinganisha kana kwamba mgawanyo wa umri haukubadilika, ongezeko hupungua, pengine likayeyuka lote. Neno moja sina.

Mleta mada

Burkitt alitafuta ugonjwa uko wapi. Hakutafuta kama unapanda mwaka hadi mwaka, na hiyo ni kazi nyingine. Kuhusu Denmark, ndugu yangu, hiari ilikuwa ya daktari. Mgonjwa hakuulizwa, na jina lake liliandikwa. Ukitaka kuona gharama ya kuzuia majina, tazama Estonia mwanzoni mwa miaka ya 2000: rejista ilikatazwa kulinganisha orodha yake na ya vifo kwa hoja ya faragha, basi marehemu wakabaki hai kwenye kumbukumbu.

La Seascale nalichukua. Takwimu za kijiji zenye wagonjwa wawili watatu zisichapishwe, na majina yaonwe na wanaooanisha taarifa tu. Inawezekana. Yorkshire, Uingereza, kuna mtandao wa saratani za damu tangu 2004, eneo la watu milioni 4 hivi, vipimo vyao vikifanywa kwenye maabara moja. Haumwombi kila mgonjwa ridhaa, una kibali cha kisheria, na asiyetaka anajitoa.

Mpinga hoja

Hilo la kujitoa ndilo ungeanza nalo. Ila mtu atajitoaje mahali asipojua kama yumo? Bango ukutani halitoshi. Aambiwe na daktari anayemtibu, kwa lugha anayoielewa. Na adhabu ya anayevujisha iandikwe kwenye sheria ileile inayolazimisha majina, si kwenye kanuni zitakazotungwa baadaye. Nionyesheni rasimu yenye mambo hayo mawili. Kwa sasa kura yangu ni hapana.