Taa ya ABS inawaka tangu nibadilishiwe beringi: ni sensa au beringi?

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa mafundi umeme wa magari.

Gari ni ndogo ya Kijapani, ya 2008. Fundi alibadilisha beringi ya tairi la mbele kulia iliyokuwa inavuma. Mvumo umeisha, ila tangu siku hiyo taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki) haizimi. Mashine ya kusoma hitilafu inaleta kodi C0200, yaani sensa ya kasi ya tairi la mbele kulia. Tukitembea kilomita 30 kwa saa, matairi matatu yanasoma 30, hilo moja limeganda kwenye 0.

Sensa nimeichomoa na kuisafisha. Ncha ilikuwa imejaa unga wa chuma. Waya ni mzima, na volti 12 zinafika kwenye soketi. Fundi anasisitiza ninunue sensa. Ilala used zipo, lakini spea ya umeme ukishaifunga harudishiwi mtu hela!

Wasiwasi wangu ni beringi. Hizi zina upande mmoja wenye sumaku ambayo sensa inaisoma, na ukifungwa kinyume sensa haioni kitu.

Je, kupitia tundu la sensa naweza kuhakikisha sumaku iko upande sahihi, kabla ya kuitoa beringi kwa presi na kuiua? Na sensa hii ya waya mbili inapimwaje, maana kuipima omu (ukinzani wa umeme) nasikia hakusaidii?