Mama ana sodiamu 116, madaktari wanapima tu hawampi chumvi. Nimtoe hospitali?

Mwana wa Igoma: Wakuu, habari za usiku. Mama yangu, miaka 68, yuko wodini hapa Mwanza, leo siku ya tatu. Alianza kichefuchefu na kuyumba, juzi akaniita jina la marehemu mjomba. Sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, imesoma 116, kawaida ni 135 hadi 145. Badala ya kumwongezea chumvi wanachukua damu, wanataka mkojo, wanauliza maswali yaleyale. Hata maji ya kunywa wanampimia. Nimeshaongea na mwenye gari, kesho tuwahi kivuko tumpeleke Ukerewe, kuna mzee anatibu. Naombeni ushauri, sijalala.

Sangara wa Kirumba: Pole mkuu. Supu ya sato iliyokolea chumvi, keshokutwa anacheza singeli.

Mama Nyegezi: Vijana mnasubiri mzazi azidiwe ndipo mkumbuke kuuliza. Piga magoti mwanangu.

Mvuvi Mstaafu: Baba yangu mdogo ilishuka hivyohivyo. Kavua dagaa miaka na miaka, kichocho kikamla ini polepole, tumbo likajaa maji. Sisi tunahangaika na chumvi kumbe ini. Nikikumbuka alivyokuwa anavuta nyavu peke yake...

Nesi wa Zamu: Kaka, sodiamu kushuka mara nyingi si uhaba wa chumvi, ni maji kuizidi mwilini. Chanzo kinaweza kuwa moyo, ini, figo, nimonia, TB, tezi za homoni, dawa. Mwingine anapunguziwa maji, mwingine aliyetapika sana anatundikiwa dripu. Ukikosea chanzo unamzidishia. Na haipandishwi haraka: ikizidi 8 hadi 10 kwa saa 24, ubongo unaweza kuumia, mtu akashindwa kumeza na kuongea siku chache baadaye. Dripu kali ya chumvi ni ya aliye kwenye hatari, kama anayepata degedege. Mama alikuwa anatumia dawa gani?

Mwana wa Igoma: Za presha tu, za kawaida.

Nesi wa Zamu: Za kawaida zipi? Nitajie jina.

Mwana wa Igoma: Bendro, zile za kukojoza. Alikuwa anameza kimoja. Miguu ikavimba, nikanunua duka la dawa nikawa nampa viwili, wiki ya tatu sasa. Nikamwambia anywe maji mengi asikauke. Daktari sijamwambia, dada zangu hawabanduki kitandani, itaonekana mimi ndiye nimemmaliza mama. Halafu hiyo dawa aliandikiwa hospitali, sidhani kama ndiyo. Na gari nimeshalilipia.

Nesi wa Zamu: Kaka! Mkojo wanaoutaka ni wa kuona kama figo zinabana chumvi au zinaimwaga. Bendro inazifanya ziimwage na kushindwa kutoa maji ya ziada. Wasipojua kuhusu hiyo dawa, jibu la mkojo litawapeleka kwingine kabisa. Mwambie daktari usiku huuhuu.

Mtoa Hoja: Chai hii. Mwenye 116 hawezi kumwita mtu jina lolote. Na mwezi jana jamaa huyu aliandika mama yake yuko Geita anavuna mpunga.

Sangara wa Kirumba: Duh, kweli, nimeuona ule uzi.

Mvuvi Mstaafu: Geita na Mwanza ni safari ya siku ngapi, jamani?

Nesi wa Zamu: Ikishuka polepole ubongo unazoea, mtu wa 116 anaweza kuongea japo anachanganya. Ikishuka ghafla, hata juu ya hapo anaweza kupata degedege.

Mwana wa Igoma: Nilimleta kwangu baada ya mavuno, ndiko miguu ilikoanzia. Naandika niko kwenye ngazi, karatasi ya vidonge iko mkononi. Ya kumi, vimebaki vitatu. Sina sababu ya kumtungia mama yangu ugonjwa.

Mama Nyegezi: Basi acha kuandika, ingia ndani.

Mwana wa Igoma: Nimerudi. Nimemkabidhi daktari karatasi, dada yangu mkubwa akiwa palepale. Daktari hakufoka. Aliuliza mara mbili, "Viwili kwa siku? Tangu lini?" akaandika kwenye faili. Bendro imesimamishwa, saa kumi na mbili asubuhi wanapima damu tena. Dada hajanisemesha mpaka sasa. Mwenye gari nimemwambia asije.

Mtoa Hoja: Kama ni kweli, mama apone. Lete majibu ya asubuhi.