Nimepata kazi Alice Springs, naomba ushauri kuhusu wenyeji wa kule

Kutoka: Rehema, Melbourne

Habari zenu wapendwa. Mimi ni nesi, hapa Melbourne nilikuwa nyumba ya wazee, sasa nimepata mkataba wa miezi sita Alice Springs, mji wa jangwani katikati ya Australia, kwenye kliniki ya kusafisha damu wagonjwa wa figo. Usajili ninao, Ochre Card (kibali cha kufanya kazi na watoto) nimeshaomba, nyumba wanatoa wao. Kinachonisumbua ni kwamba kila mtu wa kwetu nikimwambia ananitisha, mara wale watu walevi, mara hawapendi kazi wanakula hela ya serikali, mara funga milango. Na wagonjwa wangu karibu wote watakuwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Mliowahi kukaa kule nisaidieni, nikae nao vipi?

Kutoka: Bakari, Darwin

Hongera sana dada. Usidanganyike na neno jangwa, Julai usiku baridi inashuka chini ya sifuri, beba koti zito. Gari ni lazima, kutoka Alice mpaka huku Darwin ni kilomita kama 1,500 na petroli ya njiani ni ghali. Ukitaka kuingia kwenye ardhi za wenyeji nje ya mji omba kibali mapema Central Land Council, usiende tu kiholela. Lakini kuhusu watu wenyewe, mimi naona serikali imeshawapa kila kitu, ardhi, nyumba, pesa, na bado hali ni ile ile. Sisi wahamiaji tumefika na begi moja tukaanza kufagia maofisi. Halafu haya maridhiano na wenyeji tunayohubiriwa kazini kila mwisho wa Mei sisi yanatuhusu nini? Hatujamnyang'anya mtu ardhi.

Kutoka: Mama Atu, Adelaide

Rehema mwanangu hongera. Bakari, nitakujibu kirefu maana nimefanya kazi Alice kabla ya kuhamia huku na maneno haya nayasikia kwenye kila sherehe yetu, yananiuma.

Hawapendi kazi? Ng'ombe wa kaskazini yote hiyo walichungwa na Waaborijini vizazi na vizazi, malipo yao posho, unga, chai, sukari, na vijisenti ambavyo mara nyingi serikali ilivishikilia wasivione. Mwaka 1966 Vincent Lingiari na Wagurindji wenzake, kabila la Waaborijini, waliacha kazi kwenye ranchi ya Wave Hill, wakagoma miaka, wakidai mshahara na ardhi yao, mpaka 1975 waziri mkuu Whitlam alipokwenda mwenyewe akammiminia mzee mchanga mkononi kumrudishia sehemu ya ile ardhi. Mishahara iliyozuiliwa jimbo la Queensland, makubaliano ya kulipa yalikuja 2019, dola milioni 190, wengi wa waliofanya hizo kazi wameshakufa. Sasa babu kafanya kazi maisha yake yote hajaacha hata nyumba, mjukuu aanzie wapi? Wewe Bakari begi lilikuwa moja, sawa, lakini ulikuwa na cheti cha shule na mama aliyekulea.

Wenzetu hata huyo mama walinyang'anywa. Kuanzia kama 1910 mpaka miaka ya 1970 watoto walichukuliwa kwa wazazi wakapelekwa misheni na mabwenini, lugha zao wakakatazwa. Ripoti ya 1997 imeyaandika yote na waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Rehema, wagonjwa wako wazee wanatoka kwenye kizazi hicho. Ukimkuta bibi anakakamaa ukiingia na faili na kalamu usiandike kwamba ni mkaidi, waliokuja kumchukua nao walikuja na mafaili.

Na hili nimeliona kwa macho yangu. Mzee mmoja alifika kliniki, tukamwonyesha kiti, akasimama mlangoni kidogo, akageuka akaenda zake bila neno. Kwenye faili ikaandikwa amekataa matibabu, na yule akiacha kusafishwa damu anakufa. Dada mmoja Mwarrernte, kabila la wenyeji wa Alice, tuliyekuwa naye kazini ndiye aliyetueleza, kiti cha jirani alikaa mama mkwe wake. Kwao mkwe humkaribii, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja. Mimi ni Mnyakyusa, kwetu zamani mke na baba mkwe walikuwa hawatazamani hata wakikutana njiani, nikaelewa pale pale. Tukampangia zamu nyingine, akawa anakuja kila siku yake. Kwa hiyo kabla hujapanga viti uliza nani ni nani kwa nani.

Kupewa kila kitu? Zamani ukiugua figo kijijini unahamishiwa Alice, unafia huko mbali na watu wako. Wachoraji wa Kipintupi, Waaborijini wa jangwa la magharibi, wakachora picha, zikauzwa mnadani Sydney mwaka 2000, zikaleta zaidi ya dola milioni moja, ndipo likaanza shirika lao la kusafisha damu, Purple House, na 2004 mashine zikafika Kintore kwao, kama kilomita 500 magharibi ya Alice. Walijifanyia wenyewe. Na bado mwanaume wa kwao kwa wastani anaishi karibu miaka 9 pungufu kuliko wengine.

Inatuhusu nini? Mpaka 1973 sera ya kutaka nchi ya weupe ilikuwa haijafutwa kabisa, mimi na wewe viza tungeisikia kwa jirani. Sheria ya 1975 ya kuzuia ubaguzi wa rangi, ile tunayoikimbilia mwenye nyumba akitunyima chumba kwa rangi yetu, ndiyo Eddie Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer waliyoishika mahakamani kudai ardhi yao mpaka ukapatikana ushindi wa tarehe 3 Juni 1992. Hiyo ndiyo siku wiki ya maridhiano inapoishia. Inaanza 27 Mei kwa sababu ya kura ya maoni ya 1967, ya kuwaingiza Waaborijini kwenye hesabu ya watu wa nchi. Na 2023 walipoomba tu chombo cha kusikilizwa na bunge, kama asilimia 60 ya wapiga kura walisema hapana. Wengine wetu tulikuwa kwenye foleni ile.

Kutoka: Bakari, Darwin

Shikamoo mama. Hiyo ya Purple House ndio naisikia leo. Lakini pombe ni tatizo, mimi naliona kila siku.

Kutoka: Mama Atu, Adelaide

Marahaba mwanangu. Ni tatizo, na wanaopiga kelele zaidi juu ya pombe ni wanawake wa huko huko. Waaborijini wasiokunywa kabisa ni wengi, ila wewe ukipita barabarani unamwona yule mmoja.

Rehema, mengine ya kazini. Kiingereza kwa wengi ni lugha ya tatu au ya nne, omba mkalimani wa Kiarrernte, Kiwarlpiri, Kipitjantjatjara au Kiluritja mapema, usimtumie mtoto wake. Akikujibu ndiyo ndiyo kila swali ujue anakustahi tu, hajaelewa, rudia kwa njia nyingine. Kuogesha wanawake ni kazi ya wanawake. Akifa mtu jina lake usilitaje na picha yake itoe ukutani, na mwenzako wa kienyeji akiomba ruhusa ya msiba usimhesabie ni msiba wa ngapi mwezi huu. Kwanza kabisa salimia, watakuuliza kwenu wapi na ndugu zako kina nani, kaa uwaeleze vizuri, haraka ya zamu iache kwanza.

Kutoka: Rehema, Melbourne

Asante sana mama. Huyo dada Mwarrernte bado yuko hapo kliniki? Ningependa kuongea naye kabla sijaanza.

Kutoka: Mama Atu, Adelaide

Yupo. Ngoja nimpigie nimwombe ruhusa ndio nikupe namba.